Ripoti kwa Meneja

"Mzee, huyo paka ni wako?"

Nzivo nusura aangushe mkoba. Alikuwa amesimama kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba yake, hapo mtaa wa Mbotela, Nairobi, saa tatu na nusu asubuhi, tai shingoni, akizungumza na paka. Wala si ile ya kumwita paka pus pus pus halafu basi. Alikuwa akimweleza mambo, sentensi kwa sentensi, mikono nyuma, kama karani aliyesimama mbele ya meza ya mkubwa wake. Na aliyemuuliza swali alikuwa kijana mrefu mwenye kofia, redio ya mawasiliano kiunoni na simu mkononi, ambaye Nzivo hakuwahi kumtia machoni.

Jambo la kwanza lililomjia Nzivo ni kwamba leo ameumbuka.

Maana ukweli ni huu: tangu Februari, Nzivo hakuwa na kazi. Ghala la mbao la kule mtaa wa Baba Dogo, alikokuwa karani wa stoo kwa miaka kumi na minne, lilifungwa Jumanne moja. Wafanyakazi wakapewa barua na kiinua mgongo, wakaambiwa asanteni. Siku hiyo alinuia kabisa kumwambia mkewe, ila alimkuta Wanja ameshika shavu, jino linamuuma vibaya. Siku ya pili kulikuwa na wageni. Siku ya tatu ilimbidi kwanza aeleze kwa nini alinyamaza zile siku mbili, na hilo likamshinda. Basi akaendelea kuamka alfajiri, kuvaa shati lililopigwa pasi, kuchukua chapati mbili alizofungiwa, na kutoka kama mtu anayekwenda kazini.

Wanja naye alikwenda Gikomba, kwenye kibanda chake cha nguo za mitumba. Nzivo alizunguka viwandani akiuliza kazi, na ikifika saa tatu na nusu alirudi kwa njia ya nyuma, akajifungia ndani hadi jioni. Kila mwisho wa mwezi alimtumia mkewe "mshahara" kutoka kwenye kile kiinua mgongo. Mwezi uliopita alituma kilichobaki. Leo ilikuwa tarehe ishirini na nne, na tarehe thelathini ilikuwa njiani, haijali nani yuko tayari na nani hayuko.

Habari hizi zote zilijulikana na mmoja tu, naye ni paka. Jina lake Meneja. Alipewa na Mukai, binti yao, kabla hajaenda shule ya bweni, kwa ile tabia yake ya kukaa juu ya ukuta na kuwatazama watu wakifanya kazi. Kila asubuhi Meneja alimngoja Nzivo hapo ukutani. Nzivo alisimama chini yake akatoa ripoti: leo nimepita wapi, nimejibiwa nini. Ripoti ikiisha, Meneja alinyoosha mgongo, akaruka chini, akamjia mkia juu, kisha akasimama kwa miguu ya nyuma na kuweka ile ya mbele kwenye goti lake. Halafu wakaingia ndani kula chapati. Ilikuwa hivyo siku zote, Jumatatu hadi Jumamosi.

"Ni wangu," Nzivo akajibu. "Kwani ameiba nini?"

"Aibe nini! Mzee wangu, huyu paka ni staa!" Kijana alikuwa akicheka meno yote nje. "Naitwa Kahin. Niko na watu wa filamu, tunashuti hapa Mbotela wiki mbili. Cheki hii kitu."

Akamwonyesha simu. Mle ndani Nzivo alijiona kwa mgongo, mkoba kwapani, na Meneja akiruka kutoka ukutani, akitembea bila haraka, akiinuka na kumshika goti. Hata yeye mwenyewe aliona ni kitu kizuri. Lakini moyo ulikuwa unamdunda kwa sababu nyingine.

"Sauti je? Imeshika?"

"Sauti wapi! Nilikuwa kule kwa kona. Kwani ulikuwa unamwambia nini?"

"Salamu tu," akasema Nzivo, na pumzi ikamrudi.

Kahin akaeleza haraka haraka. Filamu yao ilihusu askari wa usiku, mzee mjane, anayerudi nyumbani kila asubuhi na kupokewa na paka wake ukutani. Walikuwa wamekodi paka wawili wa mtaa wa kitajiri, waliofundishwa. Mmoja alisikia honi ya Jogoo Road akakataa katakata kutoka kwenye kizimba chake. Wa pili aliingia ndani ya injini ya lori, na ilichukua saa mbili na fundi mmoja kumtoa.

"Hao ni paka wa sofa," Kahin akasema. "Huyu wako ni wa mtaa. Ona hilo sikio limeraruka, ona hiyo rangi ya majivu. Dairekta akimwona atalia. Elfu ishirini, asubuhi moja. Na wewe wa kumshika, elfu tano juu. Kesho Jumamosi, saa mbili."

Elfu ishirini na tano! Ilikuwa karibu sawasawa na ule mshahara. Nzivo akaona tarehe thelathini inapita salama. Kesho Wanja angekuwa Gikomba, Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Hakuna atakayejua.

"Nakubali," akasema. "Ila, tafadhali, jambo hili tusiliseme kwa watu."

"Hata mimi sitaki watu. Watu wakijaa hatushuti."

"Watu wa sinema?" sauti ikauliza kutoka konani. Triza, mama mboga wa upande wa mbele, alikuwa amesimama na beseni la maji machafu ambayo sasa hakukumbuka tena kuyamwaga. "Meneja anaingia sinema? Meneja huyu huyu anayeniibia samaki wangu wa omena?" Kisha akamtazama Nzivo toka tai hadi viatu. "Na wewe, Baba Mukai, leo hukuenda kazi?"

"Nilisahau faili."

"Aa. Faili." Triza alikuwa tayari anatafuta namba ya Wanja kwenye simu.

Nzivo alilazimika kuingia ndani, kutoka na gazeti la zamani ndani ya bahasha, na kuondoka tena mbele ya macho ya Triza kama mtu aliyechelewa kazini. Alikaa kwenye benchi la kanisa moja karibu na barabara mpaka jioni, bahasha magotini, chapati zake amezisahau nyumbani.

*

Wanja hakujua kufurahi polepole. Alifunga kibanda saa tisa, akafika nyumbani na nusu kilo ya maini, pakiti mbili za maziwa, na kitambaa cha kichwa kipya. Nzivo aliporudi saa kumi na mbili alikuta wanawake watano sebuleni, chai inamwagwa vikombeni, na Meneja amekalishwa juu ya kochi ambalo siku nyingine alifukuzwa kwa ndala.

"Baba Mukai! Umesikia?" Wanja alimshika mabega akamtikisa. "Sinema! Nyumba hii! Nimempigia dada yangu wa Nyeri, amelia kwa simu. Nimempigia mwalimu wa zamu kule shuleni, amwambie Mukai. Kesho siendi Gikomba hata kukiwa na bei ya bure. Na wewe uombe ruhusa."

"Nitaomba."

"Utaomba lini na kesho ni kesho? Piga simu sasa."

"Sasa ni jioni, Mama Mukai. Mkubwa amepumzika."

"Apumzike kwani yeye ni mtoto? Miaka kumi na minne hujawahi kuomba ruhusa. Ama nimpigie mimi? Nipe namba."

Wanawake wote watano wakamtazama. Nzivo akatoa simu, akatoka uani, akaiweka sikioni bila kubonyeza kitu. "Ndiyo, mkubwa," akasema. "Samahani kukusumbua, mkubwa. Ni mambo ya nyumbani." Akanyamaza kiasi cha mtu kujibiwa. "Asante sana, mkubwa. Mungu akubariki." Alipogeuka, Meneja alikuwa amemfuata, ameketi mlangoni, anamtazama. Nzivo aliona aibu mbele ya paka. Aibu hasa, mpaka masikio yakamchoma.

"Amekubali?" Wanja akauliza.

"Amekubali."

"Mnaona? Huyo bosi ni mtu," Wanja akawaambia wenzake. "Kuna watu bado wana utu Nairobi hii."

*

Saa moja asubuhi Nzivo alitoka kwenda kuwaonyesha akina Kahin mahali pa kuvuta umeme. Hakukaa hata nusu saa. Aliporudi alikuta karai la maji meusi uani, Triza amelowa hadi kiunoni, Wanja ana mikwaruzo mitatu mkononi, na juu ya stuli, ndani ya taulo la Mukai, paka mmoja ambaye Nzivo hakumfahamu. Paka wa rangi ya chungwa, mwenye milia, kifua cheupe pe.

"Ni nani huyu?"

"Ni Meneja!" Wanja alikuwa anang'aa. "Kumbe chini ya yale majivu kuna mtu mzuri hivi! Ilikuwa ni ile tabia ya kulala ndani ya gunia la makaa."

"Wanja. Walimtaka akiwa na majivu."

"Walimtaka vipi? Kesho kutwa watu wa Kenya nzima wamwone paka wa Wanja mchafu, waseme anatoka nyumba ya namna gani?"

"Na hii sahani?"

"Maini. Nimempa yote, na maziwa. Hakuna mtu anatoka kwangu kwenda kazi na njaa. Wewe mwenyewe nimewahi kukutoa na njaa?"

"Hapana," akasema Nzivo, akitazama pembeni. "Hujawahi."

Marion, yule dairekta, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miwani mikubwa, viatu vya mvua. Alipomwona Meneja alishika kichwa kwa mikono miwili. "Kahin! Huyu ni nani?"

"Ni yeye, Marion. Wamemwosha."

"Wamem-nini?"

Wanja alikuwa amesimama hapo na kitambaa chake kipya, anatabasamu akingoja kupongezwa, na Nzivo aliona tabasamu lile likianza kupotea. Roho ilimuuma. Akasema haraka, "Anarudi alivyokuwa, dairekta. Dakika tano tu." Akaingia uani, akachukua kiganja cha majivu ya jiko na vumbi la makaa, akampaka Meneja kuanzia shingoni hadi mkiani, akimwomba radhi. Meneja alifumba macho akavumilia. Alipotolewa nje tena, Marion alimzunguka mara mbili, akacheka kwa sauti kubwa. "Huyo! Huyo ndiye ninayemtaka! Mama, shampuu yako ni kali, lakini mumeo ni mkali zaidi."

Wanja naye akacheka, na watu wakacheka pamoja naye. Walikuwa wamejaa uchochoro mzima. Wazee walikuja na viti vyao. Wasichana walikuwa wamesukwa nywele usiku ule ule, wasije wakanaswa na kamera wakiwa ovyo. Mtu alikuwa amepanda juu ya tangi la maji, Kahin akawa anambembeleza ashuke.

"Kimya!" Kahin akapiga kelele. "Kamera! Twende!"

Mwigizaji aliitwa Bedan, mzee mpole aliyevaa koti zito la askari wa usiku. Alitokea konani akitembea kwa uchovu uliopendeza, akafika chini ya ukuta, akasimama. Meneja, juu ya ukuta, alimtazama, akapiga mwayo, akalala.

"Kata. Tena."

Mara ya pili mwenye paka wale wa kitajiri alichezesha kipande cha kuku nyuma ya kamera. Siku nyingine Meneja angeuza ukoo wake wote kwa kipande kile. Leo aligeuza uso. Mara ya tatu wakatoa samaki. Mara ya nne wakatikisa mfuko wa chakula cha paka kutoka dukani, ukitoa sauti kama mvua ya mawe. Meneja alijilamba kifua akaweka kidevu chake juu ya miguu.

"Ameshiba," akasema yule mwenye paka wa kitajiri kwa uchungu. "Paka wa filamu hulala njaa. Anafanyia kazi tonge. Nani amemlisha huyu?"

Macho ya Triza yalimponza Wanja. Wanja alivuta kitambaa chake mbele kidogo. "Mimi sikujua," akasema kwa sauti ambayo Nzivo hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, ndogo kabisa. "Nilidhani ni kazi kama kazi nyingine."

Walijaribu mara ya tano na ya sita. Marion alitazama juu, jua lilikuwa linapanda juu ya uchochoro, kivuli cha ukuta kinafupika. "Nina dakika ishirini," akasema. "Jua likishavuka ukuta, mwanga wangu umekwisha na tunafunga vitu. Kahin, tutatafuta paka mwingine mtaa mwingine." Manung'uniko yakapita kwenye umati. Wanja alikuwa ameinamisha kichwa. Elfu ishirini na tano ilikuwa inakwenda zake, na Nzivo aliiona ikienda.

Kisha Marion akamgeukia. "Mzee, jana ulifanya nini? Kwenye video ya Kahin alikuja mwenyewe. Hukuwa na chakula mkononi."

"Ndiyo, Baba Mukai," Wanja akainua kichwa, tumaini limemrudia usoni. "Ile jana uliposahau faili. Ulimfanyia nini?"

Nzivo alimtazama Meneja ukutani. Angeweza kusema hajui. Neno moja tu, sijui, na mambo yangekwisha hapo. Watu wangekunja viti vyao, na yeye angebaki na siri yake na siku tano za mwezi. Lakini aliuona mkono wa Wanja wenye mikwaruzo, ameushika kwa ule mwingine.

"Huwa naongea naye," akasema.

"Basi ongea naye!" Marion akapiga makofi. "Shoti ni ya mgongo, sura haionekani. Bedan, vua koti. Mzee, vaa."

Koti lilikuwa na joto la mtu mwingine. Fundi wa sauti akabandika maikrofoni ndogo kwenye ukosi. Nzivo akashtuka. "Hiyo ya nini?"

"Nataka hatua zako kwenye changarawe," Marion akasema. "Maneno usiogope, tutayafuta baadaye. Nong'ona kama unataka."

Nzivo akashusha pumzi. Angenong'ona. Hata aliyesimama hatua mbili asingesikia kitu. Akaenda konani akasimama kwenye alama ya chaki, na alipogeuka kungoja ishara, alimwona Kahin, kwa ukarimu wake wote, akimkalisha Wanja kwenye kiti cha dairekta na kumvisha hedifoni kubwa nyeusi juu ya kitambaa chake kipya.

"Mama Meneja," Kahin alikuwa akisema, "wewe ndiye mgeni wa heshima. Sikiliza uone raha. Utasikia mpaka anavyopumua."

Wanja alimpungia Nzivo mkono, uso umemchangamka kama msichana.

"Twende!"

Nzivo akatembea. Changarawe zililia chini ya viatu vyake, na alijua kwamba zinalia masikioni mwa mkewe. Akafika chini ya ukuta. Meneja alifungua jicho moja.

"Habari yako, Meneja," Nzivo akasema, kwa uchangamfu wa mtu wa matangazo ya redio. "Leo mambo ni mazuri sana. Hali ya hewa ni nzuri. Watu ni wengi."

Jicho la Meneja likafumba. Haikuwa sauti aliyoizoea. Sauti aliyoizoea ilikuwa ya chini, ya mtu asiye na wa kumdanganya, na Nzivo alikuwa na sauti hiyo moja tu ya kumtoa paka huyu ukutani. Jasho lilimtoka ndani ya koti. Alifikiri kukohoa, kugeuka, kusema imeshindikana. Halafu akasikia mwenyewe ameanza.

"Meneja. Nimerudi," akasema, mikono ikienda nyuma yenyewe. "Jana nilipita kiwanda cha rangi, wakasema wanataka vijana. Juzi nilikwenda mtaa wa Lucky Summer, kwenye duka la misumari, nikaacha namba, hawajapiga. Kazi sijapata. Tangu Februari naondoka asubuhi na sina ninakokwenda. Mama Mukai ananipigia pasi shati, na mimi navaa, Meneja. Ile pesa ya kumtumia imekwisha, na mwezi unaisha, na mdomo wa kumwambia sina. Hiyo ndiyo ripoti ya leo."

Meneja alinyanyuka. Alinyoosha mgongo mpaka ukawa upinde, akanyoosha mguu mmoja wa nyuma, kisha wa pili, hana haraka na mtu. Akaruka. Akatua kwenye changarawe, akamjia Nzivo mkia juu, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka ile ya mbele kwenye goti lake, akamtazama usoni, akalia mara moja, kwa sauti nyembamba.

"Kata!"

Uchochoro ulilipuka. Watu waliruka kutoka vitini. Aliye juu ya tangi la maji, maana alikuwa amepanda tena, alipiga bati kwa kiatu. Bedan alimkumbatia Nzivo pamoja na koti lake. Triza alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa maneno aliyoyatunga hapo hapo, kila ubeti una Meneja. Marion alikuja mbio, miwani imemtoka puani, akamshika Nzivo mikono yote miwili.

"Umeona alivyokulilia? Umeona? Miaka kumi nafanya kazi hii, sijapata kitu kama hiki hata mara moja! Mzee, nina siku nne zaidi za kushuti paka, na rafiki yangu mwingine ana filamu ya watoto mwezi ujao. Nakutaka wewe na yeye. Jumatatu utaweza kuja? Ama uko kazini?"

Nzivo alimtazama Wanja. Alikuwa bado kwenye kiti cha dairekta, amevua hedifoni, amezishika mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa akimtazama mumewe kama mtu anayesoma barua ndefu na bado hajafika mwisho. Furaha ya Nzivo na hofu yake zilikuwa zimepanda pamoja.

"Siko kazini," akasema. Akasema kwa sauti, bila kunong'ona, mbele ya Mbotela nzima. "Sina kazi, dairekta. Tangu Februari."

Kelele zilipungua kuanzia mbele kwenda nyuma. Wanja akasimama.

"Tangu Februari," akarudia. "Baba Mukai, na jana ulimshukuru nani kwa simu? Ukamwambia Mungu ambariki!"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu!" Wanja aliwageukia watu kama anayetafuta shahidi. "Naamka saa kumi! Saa kumi, nipige pasi shati, nikande chapati. Nani alikuwa anakula chapati zangu?"

Nzivo na Wanja, halafu watu wote, wakamtazama Meneja, aliyekuwa amekaa katikati ya uchochoro akijilamba majivu. Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, akacheka kwa pua. Triza akaanza naye, Wanja akamtupia jicho, Triza akakumbuka kwamba ameacha mboga zake bila mtu. Lakini mdomo wa Wanja mwenyewe ulikuwa unacheza pembeni, ukikataa, ukikubali, na machozi yalikuwa yamefika, na Nzivo hakuweza kutambua ni yapi ya hasira na ni yapi ya kitu kingine.

Kahin, ambaye hakujua atazame wapi, alijificha nyuma ya karatasi zake. "Tafadhali, tumalizie hii fomu," akasema. "Jina ninalo. Kitambulisho ninacho. Hapa wanauliza kazi. Niandike nini?"

Nzivo akafungua mdomo.

"Andika mwalimu wa paka," Wanja akasema. "Hayo mengine mimi na yeye tutayaongea ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Na atayasikia."

Kahin akaandika. "Na pesa tutume kwa namba ya nani? Yako, mama, ama yake?"

Wanja alifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akambeba Meneja na majivu yake yote, akamkumbatia kifuani juu ya nguo yake nzuri.

"Tuma kwake," akasema. "Atanitumia mwisho wa mwezi, vile amezoea."

Nzivo akaanza kutaja namba yake, tarakimu moja moja. Akakosea, akaanza upya, akakosea tena.